Zumu Laini na Nukta Tatu Zilizofutwa

Nina ugomvi na vijana wanaoediti video kwa simu, na wengi wao ni wadogo zangu kabisa, kwa hiyo nitausema bila kuzunguka. Ile tranzisheni ya zumu, inayomvuta mtazamaji kutoka klipu moja kwenda nyingine bila yeye kuhisi kiungo, haina kazi mahali ambapo mtu anatoa maneno yake. Kwenye harusi itumieni. Kwenye tangazo la viatu itumieni mpaka mchoke. Mtu akiwa anatoa ushuhuda, iacheni.

Mtaniuliza mambo ya kuediti video yameingiaje kwenye blogu ya vitabu. Yameingia kwa sababu anayeediti maneno ya mtu ananukuu, na kunukuu ni shughuli yetu sisi tunaosoma na kuandika. Siku hizi mwenye CapCut ananukuu watu wengi kuliko mwenye kalamu, na hakuna aliyemfundisha adabu za kunukuu. Amefundishwa ulaini tu.

Kwanza tuelewane jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Unachukua mwisho wa klipu ya kwanza, tuseme fremu nane au kumi, unaikuza picha kutoka asilimia 100 mpaka 200 au 300. Haikui kwa mwendo mmoja. Inaanza polepole, inashika kasi, na unaikata ikiwa kwenye kasi ya juu kabisa. Klipu ya pili inaingia ikiwa ndogo, inaendelea kukua kwa kasi ileile, halafu inapunguza na kutulia. Pembeni, kwenye nafasi nyeusi, unarudisha picha yenyewe kama kwenye kioo. Juu ya yote unaweka ukungu wa mwendo, na wengine wanaongeza mlio wa "fyuu". Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, yote hayo yanakwisha kabla sekunde moja haijatimia. Na mkato bado upo palepale! Umewekwa tu mahali ambapo jicho limepewa shughuli nyingine. Ni kiinimacho: unaonyeshwa mkono wa kulia, wa kushoto unachomoa shilingi.

Kiinimacho kwenye sherehe hakina madhara. Sasa twende Ringwani.

Ringwani ni kata ya Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara, upande wa Ngoreme. Ukanda huu, pamoja na Tarime, una historia ndefu ya wizi wa mifugo na mapigano ya koo, kiasi kwamba polisi wana kanda maalumu ya Tarime na Rorya. Huku neno "waliiba fulani" si porojo za kijiweni. Watu wameshachomewa nyumba kwa neno kama hilo.

Mwaka jana mdogo wangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, alimrekodi mzee wa huko akisimulia usiku ambao ng'ombe wa jirani yake walichukuliwa. Rekodi nzima ni dakika sita na ushee. Video iliyozunguka WhatsApp ilikuwa sekunde 58, yenye zumu saba. Nimeziona zote mbili. Kwenye rekodi nzima mzee anasema: "Walipita njia ya mtoni." Ananyamaza. Anavua kofia, anaitazama. "Watu wanasema ni vijana wa mji ule." Ananyamaza tena, safari hii kwa muda mrefu. "Mimi sikuwaona. Siwezi kumtaja mtu ambaye sikumwona." Kisha anaendelea na mambo ya mbuzi wake, ya miaka ya nyuma.

Kwenye video fupi mzee anasema: walipita njia ya mtoni, fyuu, ni vijana wa mji ule, fyuu, na mbuzi wangu pia. "Watu wanasema" haipo. "Sikuwaona" haipo. Mzee aliyekataa kushtaki amefanywa mshtaki mkuu, kwa uso wake na sauti yake mwenyewe, na huo "mji ule" kila mtu wa pale anaujua.

Nilimpigia simu. "Kaka," akaniambia, "pale palikuwa na ukimya mrefu sana, watu wangepita."

"Na yale maneno uliyotoa?"

"Yalikuwa kama anajirudia. Halafu nikikata kavu kichwa kinaruka, inaonekana kazi mbovu."

Hakuwa na nia mbaya, na aliifuta siku ileile, ingawa magrupu yalishaipokea. Lakini sikilizeni hoja yake ya mwisho, maana ndiyo hoja ya wote: kichwa kinaruka. Ndiyo, kiruke! Angekata kavu, kofia ya mzee ingekuwa kichwani mara moja, na mara ikawa mkononi, na hata mtoto wa darasa la tatu angejua kuna kitu kimetolewa hapo. Ule mruko ni taarifa. Unamwambia mtazamaji: hapa aliyeediti ameingiza mkono.

Sisi wa maandishi tuna alama ya kazi hiyo. Ukinukuu na kuruka maneno, unaweka nukta tatu. Mwandishi akiziacha na kuunganisha sentensi mbili kama vile zilizaliwa pamoja, tunamwita mwongo, hata kama kila neno alilobakiza lilitamkwa kweli. Mkato unaoruka ndizo nukta tatu za video. Zumu laini ni kifutio.

Msidhani haya ni matatizo ya vijijini. Mwezi Novemba 2025 mkurugenzi mkuu wa BBC, Tim Davie, alijiuzulu pamoja na mkuu wa habari, Deborah Turness. Kiini cha sakata lile kilikuwa kipindi cha Panorama cha mwaka 2024, ambamo vipande viwili vya hotuba ya Donald Trump ya tarehe 6 Januari 2021 viliunganishwa vikasikika kama maneno ya mfululizo. Kati ya kipande na kipande kulikuwa na zaidi ya dakika 50. Shirika lenye wanasheria na miongozo minene limeyumba kwa kiungo kimoja kilichofichwa. Ringwani hakuna mkurugenzi wa kujiuzulu. Kuna mji ule tu, na vijana wake.

Najua majibu yenu. La kwanza: mkato mkavu ni ushamba. Nani kawaambia? Mwaka 1960 Jean-Luc Godard alijaza À bout de souffle mikato inayoruka waziwazi, na mpaka leo filamu hiyo inafundishwa vyuoni. Mwaka 1968 Stanley Kubrick, kwenye 2001: A Space Odyssey, alitoka kwenye mfupa uliorushwa hewani mpaka kwenye chombo cha angani, akaruka mamilioni ya miaka kwa mkato mmoja mkavu. Hakuhitaji fyuu.

La pili: ukimya unafukuza watazamaji. Huenda. Lakini aliyewahi kukaa na mzee anayesimulia anajua kwamba akinyamaza, anapima. Anajiuliza kama ana haki ya kusema linalofuata. Katika rekodi ile, ukimya wa mzee ndio uliozaa "sikuwaona". Ukiutoa ukimya umetoa akili ya msimulizi na kubakiza mdomo wake.

La tatu: hata mkato mkavu unaweza kudanganya. Kweli kabisa. Ila unadanganya ukiwa na kovu usoni, na mwenye macho anaweza kuuliza. Kwa hiyo lawama haziishii kwa vijana. Tangu mwaka 2015 programu ya Premiere Pro ina kifaa kiitwacho Morph Cut, ambacho kazi yake ni kulainisha mruko wa kichwa cha mtu anayehojiwa. Watengenezaji walikaa ofisini wakaona kovu ni kasoro ya kutibiwa.

Ninachoomba ni kidogo. Kati ya maneno na maneno ya mtu mmoja, kata kavu, au weka fremu chache nyeusi. "Wanasema", "nadhani" na "sijui" zisiguswe, maana hizo ndizo zinazobeba uzito wa ushuhuda. Rekodi nzima itunze, anayeitaka aipate.

Na sisi watazamaji tujifunze kusoma. Picha ikikuvuta ghafla mtu akiwa katikati ya maneno yake, usishangilie ufundi. Uliza: hapo katikati alisema nini?