Wanaoibeza "Poaa" ya Bamba Pana

Bamba Pana, prodyuza wa Dar es Salaam, alitoa albamu yake ya kwanza, "Poaa", mwaka 2018. Ni albamu ya singeli, muziki wa kasi wa uswahilini. Ughaibuni ilipokewa kwa sifa. Huku nyumbani, kila singeli inapotajwa, hurudi hoja zilezile za kuibeza.

Ya kwanza ni kwamba hakuna utunzi humo, ni nyimbo za watu zilizokimbizwa. Ni kweli singeli ilikua hivyo: maprodyuza walikata vipande vya taarabu, wakavirudiarudia na kupandisha kasi hadi kupita mapigo 200 kwa dakika. Lakini kasi haipangi muziki. Sikiliza vinanda vya "Poaa" vinavyojibizana na ngoma zinavyopishana bila kugongana. Kuna mtu aliyekaa kwenye kompyuta akaamua sauti ipi iingie, ipi itoke, na lini. Katika mwendo ule, sauti ikichelewa kidogo tu biti nzima inavurugika. Huo ndio utunzi.

Ya pili, eti ni muziki wa matusi. Sehemu kubwa ya albamu hii haina mwimbaji kabisa. MC Makaveli anasikika mahali pachache tu. Anayelalamikia matusi bila shaka hajaisikiliza.

Hoja nzito zaidi inasema Wazungu ndio walioitengeneza singeli hii. Lebo iliyoitoa, Nyege Nyege Tapes, iko Kampala, na waanzilishi wake walitoka Ulaya. Lakini biti zimetoka katika mazingira ya Sisso Studio, Mburahati, Dar es Salaam, na singeli ilikuwa ikikesha kwenye vigodoro, sherehe za usiku kucha za uswahilini, miaka mingi kabla lebo hiyo haijazaliwa. Lebo ilifungua soko na majukwaa ya nje. Nani anapata kiasi gani ni swali la haki, na ninaliunga mkono. Liulizwe kwenye mikataba. Haliondoi jina la mtunzi.

Hata baadhi ya wanaoisifu wanakosea. Wanaifananisha na gabber, muziki wa kasi wa Rotterdam, Uholanzi, wa miaka ya 1990, kana kwamba ndiko ilikotoka. Kasi zinafanana, ukoo ni mwingine. Mzazi wake ni mchiriku, uliochota kwenye ngoma za Wazaramo na kupigwa kwa vinanda vidogo vya Casio kupitia spika zinazokwaruza. Mhakiki anayetaka kuielewa "Poaa" aanze na kanda za mchiriku, kisha taarabu, ndipo aende Rotterdam akipenda.