Si Kila Wigo Ugeuzwe Safu

Mjukuu wangu anasomea kompyuta chuoni. Likizo iliyopita alinionyesha karatasi yake ya mtihani. Swali liliuliza: je, 45 imo katika wigo wa 1 hadi 100? Aliandika kwa lugha ya Ruby, (1..100).include?(45), nayo kompyuta hujibu ndiyo. Mkufunzi alimkosesha, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hukugeuza kwanza kuwa safu."

"Babu, nimekosa nini?" aliniuliza. Mimi ni mzee wa chaki, kwa hiyo nilimwomba anifundishe kwanza lugha hiyo, iliyotolewa mwaka 1995 na Mjapani Yukihiro Matsumoto. Baada ya majuma mawili nathubutu kusema: aliyekosa ni mkufunzi.

Tuelewane, msomaji. Wigo ni mipaka miwili tu, mwanzo na mwisho. Safu ni namba zenyewe, zimepangwa moja moja. Amri ya to_a ndiyo inayogeuza wigo kuwa safu: (1..5).to_a hutoa 1, 2, 3, 4, 5. Sasa, mkuu wa shule akitangaza kuwa wenye namba 1 hadi 400 waende ukumbini, je, husoma namba zote 400? Hasha. Kila mwanafunzi hutazama namba yake na kujua kama imo. Ruby nayo huilinganisha 45 na mipaka miwili, basi. Mkufunzi ataka ziandikwe namba 100 ili tuulize habari ya moja!

Sisemi to_a haina kazi. Nikitaka kuchanganya namba za viti 40 vya mtihani ili marafiki wasikae pamoja, wigo wenyewe hauchanganyiki. Hapo nitaandika (1..40).to_a.shuffle, na sababu ninayo.

Kinachoniudhi ni kukariri. Anayekariri to_a haulizi habari ya mipaka. Nukta mbili huuchukua mwisho, nukta tatu huuacha: (1...5).to_a huishia 4. Nukta zimeongezeka, namba zimepungua! Anayeandika (5..1).to_a hupata safu tupu, bila hata onyo. Na tangu toleo la 2.6 la mwaka 2018, wigo waweza kukosa mwisho, kama (1..). Huo ukitaka kuugeuza safu, Ruby hukataa, kwani safu isiyo na mwisho haiandikiki. Haya ndiyo ya kutahini.

Wapo watakaosema kwamba safu ya namba 100 si mzigo kwa kompyuta za leo. Kweli, kwa mashine si mzigo. Mzigo ni wa mtoto anayefundishwa kwamba jibu sahihi lisilopita njia ya mwalimu ni kosa.

Nayajua haya kwa sababu niliyatenda. Katika miaka yangu ya kwanza ya ualimu nilimnyima alama kijana aliyejumlisha 1 hadi 100 kwa kuzidisha 101 mara 50, badala ya kujumlisha moja moja kama nilivyoagiza. Leo Ruby yenyewe, ikiambiwa (1..100).sum, hufuata kanuni ileile ya kijana yule, wala haiandiki safu. Sikupata nafasi ya kumrudishia alama zake.

Mkufunzi mwenzangu, wewe nafasi bado unayo. Mrudishie binti alama zake.