Kontroli boksi ikifa: Pima kwanza, nunua baadaye

MAGARI ya Kijapani yaliyotengenezwa miaka ya 1990 bado ni tegemeo la wafanyabiashara wadogo wengi wanaosomba nyanya, mayai na mboga kutoka mashambani. Gari la namna hiyo likigoma kuwaka na fundi akasema kontroli boksi imekufa, mwenye mali hubanwa pande mbili: mzigo unaharibika, na spea yenyewe imekuwa adimu.

Kontroli boksi ni kompyuta ndogo ya injini. Hupokea taarifa za sensa, kama vile joto la maji, hewa inayoingia na mzunguko wa injini, kisha huamua kiasi cha mafuta na wakati wa plagi kutoa cheche. Hilux za zamani za dizeli zenye injini ya 3L hazina shida hii, kwa kuwa pampu yake haitegemei kompyuta.

Uadimu wa spea hii unaanzia kwenye chipu kuu. Katika maboksi mengi ya miaka hiyo, programu ya injini iliwekwa kiwandani ndani ya chipu yenyewe. Hivyo hata ikipatikana chipu inayofanana kwa umbo, itakuwa tupu au itabeba maelekezo ya injini nyingine.

Kutegemea viwanda vitengeneze nyingine ni kujidanganya. Februari 2021 baridi kali ilisimamisha viwanda vya chipu katika jimbo la Texas, Marekani, na Machi mwaka huohuo moto uliunguza sehemu ya kiwanda cha Renesas huko Naka, Japani. Kampuni kubwa za magari zilisimamisha uzalishaji kwa kukosa chipu. Uhaba ule ulipungua, lakini somo lilibaki: kama magari mapya yanaweza kukosa chipu, hakuna atakayewasha mtambo kwa ajili ya gari la 1998.

Kwa hiyo soko lililobaki ni la mitumba. Wauzaji wa Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi na Kisekka jijini Kampala huuza maboksi yaliyofunguliwa kwenye magari yaliyochinjwa, na sehemu ya mzigo hupitia Dubai na Sharjah. Tatizo ni kwamba boksi la mtumba lina umri uleule wa boksi lililokufa, na huenda lina ugonjwa uleule. Nayo magari ya kuchinjwa ya miaka hiyo yanazidi kupungua.

Hata hivyo, mara nyingi kinachokufa si chipu kuu. Kapasita huvuja majimaji yanayokula njia za shaba kwenye bodi, ugonjwa unaofahamika sana katika Mitsubishi za mwanzoni mwa miaka ya 1990. Transista zinazoendesha koili na nozeli huungua, na risasi ya kuunganishia hupasuka kwa joto na mtikisiko. Vifaa hivi bado vinatengenezwa au vina mbadala wa vipimo sawa, na fundi mzuri wa redio na televisheni anaweza kuvibadili kwa gharama ndogo kuliko boksi zima.

Yapo pia maboksi yanayohukumiwa bila kosa. Fyuzi iliyokatika au waya wa ethi uliolegea huzima mfumo mzima. Katika Toyota nyingi, boksi hupeleka volti 5 kwenye sensa. Sensa moja ikipiga shoti, taa ya injini haiwaki swichi inapofunguliwa, na mashine ya kupimia haisomi kitu. Fundi makini huchomoa sensa hizo moja baada ya nyingine. Taa ikirudi, aliyeua gari ni sensa, si boksi.

Ikithibitika kwamba boksi limekufa kweli, namba iliyoandikwa juu yake ndiyo mwongozo. Kwa Toyota nyingi namba hiyo huanza na 89661, na tarakimu zinazofuata lazima zilingane pia, kwa sababu boksi la gia za mkono halifanani na la otomatiki. Gari ambalo ufunguo wake una chipu ya kuzuia wizi huhitaji boksi linalouzwa pamoja na ufunguo wake, au fundi wa kuhamisha taarifa. Boksi la zamani lisitupwe, kwani chipu yake nzima inaweza kuhamishiwa kwenye bodi ya aina ileile.

Tahadhari nyingine ni chipu zinazouzwa kama mpya. Baadhi hufumuliwa kwenye taka za kielektroniki, hufutwa maandishi na kupigwa chapa upya. Rahisi huvunja upishi. Muuzaji asiyekubali kuandika kwenye risiti kwamba boksi litarudishwa lisipofanya kazi, aachwe.

Kinga nayo haigharimu kitu. Kabla ya kuchomelea bodi au chasisi, betri ichomolewe na boksi litenganishwe. Gari likiwashwa kwa betri ya gari jingine, chanya iende kwenye chanya na hasi kwenye hasi. Injini isioshwe kwa maji ya presha. Kwa mwenye gari moja la kazi, saa moja ya kupima kabla ya kulipa inaweza kuokoa faida ya msimu mzima.