Uswidi Haikukaa Pembeni

Kila nikisoma makala ya Kiswahili kuhusu Vita Vikuu vya Pili nakutana na sentensi ileile: Uswidi haikuwa upande wowote. Halafu mwandishi anapita zake. Jamani, twende polepole.

Chukueni mzinga mmoja tu, Bofors wa milimita 40 wa kutungulia ndege, uliobuniwa Uswidi miaka ya 1930. Mtu anasimama juu yake anausokomeza risasi nne nne, nao unazitema kama 120 kwa dakika. Wenye mali hawakuuza mizinga tu, waliuza na leseni ya kuitengeneza. Poland ikatengeneza. Hungaria, iliyokuja kuungana na Hitler, nayo ikatengeneza. Uingereza vilevile. Wajerumani walipoiteka Poland wakaichukua mizinga waliyoikuta, wakaitumia kama yao.

Mtaniambia mikataba mingi ilisainiwa kabla ya vita. Sawa, mingi. Ila leseni ya Marekani ni ya 1941, Ulaya inawaka moto. Kule, Chrysler, watu wa magari, wakaichukua michoro ya Kiswidi, wakabadili vipimo vyote kuwa inchi (fundi wa Uswidi alizoea kusugua kwa tupa mpaka kipande kikae, kiwanda cha magari hakina muda huo), wakatoa mizinga takribani 60,000. Na hapo sijagusa madini ya chuma yaliyokuwa yakipelekwa Ujerumani.

Mizinga hiyo ilitungua ndege nyingi za kamikaze kule Pasifiki, na silalamikii hilo hata kidogo. Ninachogombana nacho ni neno. Anayewauzia panga majirani wawili wenye ugomvi hatumwiti msuluhishi. Tunamwita muuza panga.

Sisi watu wa vitabu tuna sababu ya ziada. Kila Oktoba tunasubiri Stockholm itaje jina, na 2021 tulipiga vigelegele kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Haki yake kabisa. Lakini Alfred Nobel ndiye aliyekuwa mmiliki wa Bofors tangu 1894 hadi alipokufa 1896, akakisukuma kile kiwanda cha chuma kiwe cha mizinga ya kisasa. Huu wa milimita 40 hakuuona, na simbebeshi. Ila wachambuzi wetu wanaotuandikia kila mwaka historia ya tuzo, wakianza na baruti na kumaliza na wasia, sura ya Bofors huwa wanaiacha wapi?