Karatasi Zetu Tupewe: Ilani ya Sisi Tulioasiliwa Kenya

Sisi ni watu wazima. Tunalipa kodi, tunapiga kura, na baadhi yetu tuna wajukuu. Serikali inatuamini kushika bunduki, kuendesha matatu yenye abiria na kuketi kwenye kiti cha hakimu. Kinachoishinda kutuamini nacho ni jina la mwanamke aliyetuzaa.

Jina hilo lipo. Wengi hudhani mtoto akishaasiliwa habari zake za mwanzo huchomwa. Sivyo. Mahakama Kuu ikitoa amri ya uasili, Msajili Mkuu huliandika jina jipya la mtoto katika Rejista ya Watoto Walioasiliwa, na kule kwenye rejista ya vizazi, kama uzazi ulisajiliwa, hutiwa alama kwamba huyu ameasiliwa. Kisha kuna kumbukumbu nyingine ya pembeni, inayoonyesha kwamba mtoto wa rejista ile ndiye huyu wa rejista hii. Sheria ya Watoto ya 2001, ambayo wengi wetu tulipitia mikononi mwake, ilimwagiza Msajili aitunze kumbukumbu hiyo ili uhusiano usipotee, halafu ikamkataza kumfunulia yeyote yaliyomo bila amri ya mahakama. Yeyote, hata mwenyewe. Jirani yako anaweza kupekua faharasa ya walioasiliwa akapewa nakala ya jina lako jipya. La zamani hapewi yeye wala wewe.

Mwenzetu mmoja, ndevu zake zimeanza kuingia mvi, alifika dirishani kwenye ofisi moja ya umma kuuliza utaratibu. Karani alimsikiliza kwa adabu yote, kisha akamwambia arudi na mzazi wake.

Siri hii haikutoka kwa wazee wetu. Mtoto aliyelelewa na shangazi au na nyanya alijua ametoka nyumba gani, na kijiji kizima kilijua. Shida ilikuwa kumnyamazisha mtu, si kumfanya aseme. Uasili wa mahakamani ulikuja na wakoloni, wakitunakilia sheria ya Uingereza iliyopitishwa mwaka 1926, na baada ya uhuru tukabaki nao katika Sura ya 143 ya sheria zetu. Sasa tazama kilichofuata huko ilikotoka. Uskoti haikufunga tangu sheria yake ya kwanza ya 1930: mtu akitimiza miaka 17 alionyeshwa cheti chake cha awali. Uingereza nayo ikafungua kwa sheria ya 1975, na kuanzia Novemba 1976 kila aliyeasiliwa akifika miaka 18 aliweza kuomba habari za kuzaliwa kwake. Mwenye nguo kaivua zamani, sisi bado tumeivaa na kuifunga vifungo vyote.

Faili lenyewe likoje? Kwa aliyetelekezwa, huanza na OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi: tarehe, saa, namba, na mistari michache ya mwandiko wa haraka wa konstebo. Mtoto wa kike, amekutwa mahali fulani, amefungwa leso au sweta, ameletwa na fulani. Huyo fulani, labda mama mboga aliyekuwa akifungua kibanda au bawabu akitoka zamu, mara nyingi ndiye shahidi pekee wa asubuhi yetu ya kwanza, na jina lake limo humo. Hufuata karatasi ya hospitali, ambako daktari hukadiria umri na kwa makadirio hayo tukapata siku ya kuzaliwa. Hata jina hutoka huko huko; wapo miongoni mwetu wanaoitwa kwa jina la muuguzi aliyekuwa zamu. Halafu ripoti ya afisa wa watoto, ukurasa wa rejista ya makao ya watoto, na baada ya miezi 6 barua ya polisi kusema hakuna aliyejitokeza kumdai mtoto. Kwa aliyetolewa na mama mwenyewe ipo karatasi nzito kuliko hizo zote, nayo ni fomu ya idhini. Sheria haikuruhusu mipango ya uasili ianze kabla mtoto hajafikisha wiki 6. Kwa hiyo mwanamke yule alikuwa na wiki 6 za kuwaza, kisha akatia sahihi au dole gumba. Tunataka kuliona dole lile. Hatuna la kulifanyia, tunataka tu kuliona.

Wanaotupinga wana hoja moja ya maana, nayo tunaijibu kwa urefu kwa sababu inastahili. Wanasema: na yule mama je? Alikuwa msichana wa shule, enzi ambazo mimba ilikuwa tiketi ya kufukuzwa, kabla ya sera ya 1994 ya kuwarudisha wasichana darasani. Ameolewa, ana watoto wengine, mumewe hajui. Katiba, Kifungu cha 31, inamhakikishia faragha. Leo mtu abishe hodi kwake aseme ni mwanao?

Tunajibu hivi: tunadai karatasi, watu hatuwadai. Kujua ni jambo moja na kukutana ni jingine, na sheria iliyotufungia milango yote miwili kwa kufuli moja ilifanya uvivu. Jina la mama ni habari zake, kweli, lakini ni habari zetu pia. Haiwezekani mmoja kati ya wawili apewe mamlaka ya kuifuta nusu ya mwenzake. Kukutana ndiko kunakohitaji ridhaa ya pande zote. Mama awe na njia ya kuandika, bila kulipa wala kujieleza, kwamba yuko tayari kuonana, au anataka barua tu, au hataki lolote. Akikataa, amekataa, na atakayekiuka miongoni mwetu tutakuwa wa kwanza kumlaumu. Uingereza ina daftari la namna hiyo tangu 1991, ambamo mtu aliyeasiliwa na ndugu zake wa damu huandikisha nia zao, na majina yakikutana ndipo hupelekewa habari. Daftari kama hilo halihitaji mitambo ya ajabu. Linahitaji karani mmoja mwenye moyo na kabati lenye ufunguo.

Tena, wanaoitetea siri kwa ajili ya mama wamechelewa. Vipimo vya DNA vinauzwa mtandaoni. Binamu aliyehamia Marekani anatema mate kwenye kichupa, na wiki chache baadaye mtu asiyemjua anaonekana kwenye simu yake kama jamaa wa karibu. Hapo hakuna afisa wa kati, hakuna mshauri, hakuna aliyemuuliza mama. Siri inavunjika saa tano usiku kwa ujumbe wa simu, tena mbele ya familia nzima. Sheria yenye utaratibu ingemlinda mama huyo kuliko kufuli la sasa.

Kuna siri nyingine inayojificha nyuma ya ile ya mama. Novemba 2014 Kenya ilisimamisha uasili wa watoto kupelekwa nje, kwa hofu ya biashara ya watoto. Novemba 2020 BBC ilionyesha watoto wachanga wakiibwa na kuuzwa Nairobi. Mtoto aliyeibwa naye huandikiwa karatasi, na karatasi hizo ndizo zinazomgeuza kuwa aliyetelekezwa. Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea Kusini ilisema wazi kwamba kumbukumbu za watoto waliopelekwa ng'ambo zilighushiwa, wenye wazazi wakaandikwa mayatima. Yaligunduliwa vipi? Kwa sababu watoto wale, wakiwa watu wazima, walidai mafaili yao wakayasoma. Hatusemi kila faili la Kenya lina uongo, la hasha. Tunasema kwamba faili lisilosomwa na mwenyewe halijakaguliwa na mtu.

Daktari anapotuuliza kama kwetu kuna selimundu, kisukari au saratani ya matiti, tunajibu hatujui, naye anaandika hatujui. Hilo tumelizoea. Zito zaidi ni siku ya mahari. Wazee wameketi, chai imeandaliwa, mzee wa upande wa pili anauliza: huyu kijana ni wa ukoo gani, tusije tukaoza ndugu kwa ndugu? Swali ni la haki na halina ubaya. Baba aliyetulea anatazama chini. Kwa ndugu zetu Waislamu jambo hili liliamuliwa zamani: katika kafala, ambayo Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua, mlezi hulea bila kuifuta nasaba, na mtoto hubaki akiitwa kwa baba yake. Mtu wa Lamu au Mombasa hashangai tukimweleza madai yetu. Hushangaa kwamba kuna mahali ambapo nasaba ilifutwa kisheria.

Na hao wazazi waliotulea? Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na sisi ndio mashahidi wa methali hiyo. Wapo wanaohofu kwamba mtoto akipata faili atafunga mizigo. Tunawaambia mama na baba zetu: ada mlilipa nyinyi, homa mlikesha nayo nyinyi, na mkizeeka tutawatunza sisi. Tunachotafuta hakimo katika mlichotupa, wala hakipunguzi chochote humo.

Sheria za kutuunga mkono zipo, tena nyingi. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ikaweka siku 21 za kujibiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuziona taarifa zake popote zinapotunzwa. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unasema mtoto ana haki, kadiri inavyowezekana, ya kuwajua wazazi wake. Na mahakama zetu si viziwi: mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu kilichozuia jina la baba asiyefunga ndoa na mama kuingizwa kwenye cheti cha kuzaliwa bila ridhaa yake. Kama mtoto yule alistahili jina la baba, sisi tumekosa nini?

Basi tunadai. Bunge liandike, kwa maneno yasiyohitaji wakili wa kuyafasiri, kwamba aliyeasiliwa akitimiza miaka 18 atapewa nakala ya faili lake lote na cheti chake cha awali kwa kuomba tu, ndani ya siku zile zile 21, kwa ada isiyozidi ya cheti cha kuzaliwa. Asidaiwe hati ya kiapo ya kueleza kwa nini anataka. Hakuna anayeulizwa kwa nini anataka kitambulisho. Awepo mtu wa kati aliyefunzwa, wa kumwendea mama au ndugu kwa upole, na wa kukaa nasi tunapofungua bahasha, maana si kila bahasha ina habari njema. Ndugu wa damu nao wapewe njia ya kuuliza: kuna kaka na dada waliotenganishwa makaoni, mmoja akabaki, mwingine akachukuliwa, na aliyebaki amehesabu miaka yote. Na wale walioasiliwa kwenda Ulaya na Amerika, wanaoshuka uwanja wa ndege wakiwa na picha moja na jina la makao, wahudumiwe kama Wakenya. Mkataba wa Hague wa 1993, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2007, unataka nchi ihifadhi habari za asili ya mtoto.

Lakini la haraka kuliko yote haliwezi kungoja Bunge. Mkakati wa Taifa wa Mageuzi ya Malezi wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke makaoni warudi kwenye familia. Tunauunga mkono, tumelala kwenye vitanda vile, tunajua. Ila makao yakifungwa, rejista zake zinakwenda wapi? Mwenye nyumba anataka vyumba vyake, meneja amehamia kazi nyingine, na sanduku la mafaili linaachwa stoo pamoja na ndoo na magodoro. Mvua mbili na mchwa kidogo, na watu mia hawana mwanzo. OB za miaka ya 1980 na 1990 nazo zimo kwenye vyumba vya nyuma vya vituo, zimefungwa kamba. Tunataka amri itoke sasa: pasiharibiwe ukurasa hata mmoja wa rejista za makao, za mashirika ya uasili, za wodi za wazazi wala za OB zinazotaja mtoto aliyeokotwa, mpaka zipigwe picha na nakala zake zifikishwe kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Sisi wenyewe tutajitolea kupiga picha hizo. Tuna simu, na Jumamosi tuna nafasi.

Harakati hii ni ya aliyeasiliwa, aliyelelewa makaoni bila kuasiliwa, ndugu anayemtafuta ndugu, mzazi mlezi anayetaka kusimama na mwanawe, na muuguzi, polisi au afisa wa watoto mstaafu anayekumbuka jambo. Hatutachapisha jina la mama yeyote, hatutamsaka mtu kwa picha mitandaoni, na hatutapokea hela ya anayelipia kutafutiwa mtoto wa kuasili. Mama aliyetoa mtoto akija mkutanoni hataulizwa jina wala mwaka. Akitaka kukaa nyuma, akae nyuma. Akiwa na karatasi yoyote aliyopewa siku ile, hata kipande, aje nayo. Tutaomba ruhusa ya kunakili namba ya OB na ya wodi tu, kisha tumrudishie mwenyewe mkononi.