Kitabu cha kumpa kijana wa miaka 14

Wamama wengi mlituuliza: tuwape kitabu gani watoto ambao wamekwisha kuziacha hadithi za sungura, lakini bado si watu wazima? Juma hili tunajibu kwa kitabu kimoja, Petit Pays cha Gaël Faye. Kilitoka mwaka 2016, na mwaka huohuo wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa walikipa tuzo yao, Goncourt des lycéens. Mwandishi alizaliwa Bujumbura, mama yake Mnyarwanda, baba yake Mfaransa. Sura zake ni fupi, na mwanafunzi wa darasa la nane anaweza kukisoma akiwa na kamusi karibu.

Anayesimulia ni Gaby, kijana mdogo wa Bujumbura, mwenye dada mdogo anayeitwa Ana. Mwanzoni ni maembe ya kuiba, ugomvi wa baba na mama, michezo na marafiki. Kisha vita inafika, Burundi mwaka 1993 na Rwanda mwaka 1994. Wenzake wanaanza kutafuta silaha. Yeye anakimbilia kwa jirani, mama mzee Mgiriki mwenye nyumba iliyojaa vitabu, anayemwazima kimoja baada ya kingine.

Lakini someni hasa habari za mama yao. Anakwenda Rwanda kutafuta ndugu zake, na anaporudi amekuwa mtu mwingine. Usiku anaingia chumbani na kumweleza Ana yote aliyoyaona kule. Ana ni mtoto bado! Hapa Goma, nani asiyemjua mama huyo? Baadhi yetu ndio yeye. Wengine tumenyamaza kabisa, wengine tunamwaga yote juu ya mtoto kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kutusikiliza. Hatumhukumu. Ila kitabu kinatuonyesha upande wa kitanda, pale mtoto anaposikiliza.

Mama mmoja alisema: wangu ameona vita kwa macho yake, kwa nini aisome tena? Ni swali la haki. Mtoto aliyefiwa karibuni msimlazimishe, kitabu kitamngoja. Kwa wengine, tumeona darasani kwamba ukimwuliza kijana "Wewe uliogopa?" anatazama chini. Ukimwuliza kwa nini Gaby alijificha kwenye vitabu, anaongea mpaka kengele inalia.

Na mama asiyesoma Kifaransa? Mtoto asome sura moja, jioni amhadithie kwa Kiswahili mkichambua maharagi. Usimkatize kila neno. Wewe utajua kitabu kina nini, na yeye atakuwa ametafsiri ukurasa baada ya ukurasa, kazi ambayo hata sisi walimu inatutoa jasho.

Wengine mmetaja Johnny chien méchant cha Emmanuel Dongala, cha mwaka 2002. Ndani yake binti wa miaka 16 anakimbia vita akimsukuma mama yake kwenye toroli, na hakuna mama wa hapa atakayesoma kurasa zile kwa macho makavu. Lakini kina ubakaji, tena umeelezwa waziwazi. Kisomeni ninyi kwanza, binti angoje mpaka miaka 17.

Petit Pays tuliyo nayo ni moja tu. Anayeitaka aandike jina lake kwenye daftari baada ya mkutano wa Jumamosi. Kila nyumba itakaa nayo siku 10, na tafadhali ifungwe kwenye mfuko wa plastiki, mvua imeanza.