DARAJA KWA WALIOSOMEA KAZINI



Sisi wa Iguhu tunakaa kando ya mto Yala, na hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha faida ya daraja. Mto ukijaa na daraja likiwa halipo, mwenye nguvu na mnyonge wote husimama ukingoni. Ndivyo ilivyo leo katika elimu ya kusimamia wafanyakazi, ile ambayo vyuo vikuu huita usimamizi wa rasilimali watu. Watu waliofanya kazi hiyo miaka kumi na mitano au ishirini wanaona digrii ya pili ng'ambo, wanajua kwamba wakipata nafasi wataiweza, lakini hawana pa kupitia. Shauri langu leo ni hili: chama chetu kidai kozi ya kuvukia kwa watu hao, tena kidai mezani mbele ya waajiri, si kwa kuomba kwa barua tu.

Kwanza tueleze neno lenyewe, maana wengine watafikiri ni mambo ya wasomi yasiyotuhusu. Ofisi ya wafanyakazi ndiyo inayoandika barua ya kuajiriwa na barua ya kufukuzwa. Ndiyo inayohesabu siku zako za likizo, inayokuita kwenye kikao cha nidhamu, na inayotengeneza orodha ya watakaopunguzwa kazi. Hakuna mfanyakazi asiyepita katika mikono yake. Basi ni nani anayekaa katika kiti hicho, na amejifunzia wapi kazi yake, ni jambo la kila mwanachama, hata yule anayeshika jembe.

Tangu mwaka 2012 kazi hiyo ina sheria yake. Sheria Namba 52 ya mwaka ule ilikipa chama cha wataalamu wa usimamizi wa wafanyakazi, IHRM, mamlaka ya kuwaandikisha na kuwapa vibali, ikaweka na bodi ya mitihani. Hilo ni jema. Hatutaki kila mtu ajiite mtaalamu asubuhi moja. Lakini tangu vyeti vianze kutiliwa mkazo, mlango umekuwa mwembamba kwa wale waliojifunza kazi kwa kuifanya.

Chukua mfano wa karani aliyeanza kwa kupanga mafaili. Baada ya miaka mitatu akapewa daftari la likizo, baadaye mishahara, baadaye akawa anaandika taarifa za vikao vya nidhamu. Akajisomea diploma jioni kwa fedha zake mwenyewe. Leo wakubwa wake wakikwama juu ya kifungu cha sheria humwita yeye. Siku moja anakuja kijana mwenye digrii, hajawahi kukaa katika kikao hata kimoja, naye anawekwa kuwa mkubwa wa karani yule. Mwaka wa kwanza wote karani humfundisha kijana kazi. Mwaka wa pili kijana hupandishwa cheo. Simlaumu kijana, kwani alifuata njia aliyoonyeshwa. Ninachouliza ni kwa nini karani hana njia.

Ngazi za elimu za nchi yetu ziliwekwa na sheria ya mwaka 2014 iliyounda mamlaka ya KNQA. Diploma imekuwa katika ngazi ya 6, digrii ya kwanza katika ngazi ya 7, diploma ya baada ya digrii katika ngazi ya 8, na digrii ya pili katika ngazi ya 9. Kwa njia ya kawaida mtu mwenye diploma hana budi kurudi nyuma, asome digrii ya kwanza miaka mitatu au minne, ndipo aanze ya pili. Mtu wa miaka arobaini na mbili, mwenye watoto shuleni na wazee nyumbani, ataambiwa akae darasani ajifunze maana ya barua ya onyo, na yeye ameandika barua hizo mia mbili. Huko ni kupoteza wakati wake na fedha zake.

Lakini sheria ile ile ya 2014 haikusahau jambo hili. Inasema ujuzi na maarifa ya mtu yatambuliwe, na kwamba pawe na njia ya kutoka ngazi moja kwenda nyingine bila kurudia aliyokwisha kujifunza. Katika miaka ya karibuni mafundi wa jua kali wameanza kupimwa na kupewa vyeti kwa njia hiyo. Kwa hiyo hatuombi sheria mpya. Tunaomba iliyopo ipande juu, isiishie kwa seremala na mwashi.

Tena jambo lenyewe si geni kwetu. Wazee wetu waliujua mtihani wa ufundi, ule wa Gredi ya Tatu, ya Pili na ya Kwanza, ambao leo uko chini ya NITA. Fundi hakuulizwa alisoma shule gani. Alipewa mbao na vipimo, akaambiwa tengeneza, na kazi yake ikamsemea. Wauguzi nao walijengewa daraja. Mwaka 2005 AMREF na Baraza la Wauguzi walianzisha masomo ya kompyuta ili wauguzi wa cheti wafikie diploma bila kuacha wadi. Walimu wa shule za msingi wenye cheti cha P1 nao wamewekewa kozi ya kupanda hadi diploma. Ikiwa muuguzi na mwalimu wanaweza kuvushwa wakiwa kazini, kwa nini karani wa wafanyakazi asivushwe?

Tutazame na nje kidogo. Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya wa jiji la Nairobi, hakuwa na digrii ya chuo kikuu. Mwaka 1955 alikwenda Ruskin College, Oxford, chuo kilichofunguliwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wa kazi, akasoma mwaka mmoja juu ya uhusiano wa waajiri na wafanyakazi. Mwaka 1962 alikuwa Waziri wa Kazi, na mwaka huo huo serikali, waajiri na vyama wakatia sahihi Mapatano ya Uhusiano Viwandani. Huko Tanzania, mwezi Novemba 1974, TANU iliamua mjini Musoma kwamba vijana wasitoke shule na kuingia chuo kikuu moja kwa moja, bali wafanye kazi kwanza. Utaratibu ule baadaye ulilegezwa, lakini fikira yake ilikuwa na uzito: kwamba kazi nayo ni darasa.

Sasa tuseme kweli, maana bulitini ya chama si mahali pa kusifiana. Mfanyakazi mzoefu anajua nini, na hajui nini?

Anajua Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kwamba mtu hafukuzwi kwa kosa au kwa udhaifu wa kazi kabla ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na kusikilizwa. Anajua Kifungu cha 40, kwamba kabla ya kupunguza watu chama na afisa wa kazi wapewe taarifa mwezi mmoja mbele, na kila anayeondoka alipwe si chini ya siku kumi na tano kwa kila mwaka aliotumika. Mambo haya ameyaona yakifuatwa na ameyaona yakivunjwa, na anajua gharama yake Mahakama ya Kazi.

Lakini takwimu ni ngumu kwake. Hajazoea kufanya utafiti wala kuandika hoja ndefu yenye ushahidi. Mahesabu ya kampuni nzima hajayashika. Hajasoma jinsi nchi nyingine zinavyopanga mishahara na vyeo. Hayo hayaokotwi katika faili. Akiingizwa katika digrii ya pili bila hayo atazama, na watakaocheka watasema tuliwaambia.

Kwa hiyo daraja ninalosema lina nguzo mbili. Ya kwanza ni kupima: mtu alete kazi zake, taarifa za vikao, mipango aliyoandika, mashauri aliyoyamaliza, aulizwe maswali na watu wanaoijua kazi. Ya pili ni kufundisha yale yanayokosekana tu, kisha mtihani halisi. Masomo yawe ya jioni, Jumamosi na likizo. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko Kakamega mjini, karibu na sisi, na COTU ina Chuo cha Tom Mboya pale Kisumu. Mtu wa Iguhu asilazimike kupanga chumba Nairobi ili avuke.

Najua maneno yatakayosemwa dhidi ya shauri hili, na yafaa yajibiwe.

Wengine watasema tunashusha thamani ya digrii. Nawajibu kwamba kinachoshusha thamani ya digrii ni karatasi isiyo na kazi nyuma yake. Mwezi Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba watumishi zaidi ya 2,000 walionekana kuwa na vyeti vya kughushi. Mahali ambapo karatasi ndiyo kila kitu, watu watachapa karatasi. Kazi ya miaka kumi na mitano, ikichunguzwa na wanaoijua, haichapwi uchochoroni.

Wengine watasema kozi hizi zitakuwa biashara ya kula fedha za maskini. Hapo wana haki ya kuogopa. Daraja linaweza kugeuzwa kizuizi cha kutoza ushuru. Walimu wanakumbuka mwaka 2021, walipoambiwa kila mmoja alipe shilingi 6,000 kwa mwaka kwa mafunzo ya TPD, na malalamiko yaliyofuata. Ndiyo sababu nasema swali la nani analipa lijibiwe kabla ya kozi kuanza, si baada yake.

Na wengine, hawa ni wenzetu wa ndani, watasema: tukimsaidia avuke, atakaa upande wa mwajiri na kutusahau. Hili ndilo neno zito kuliko yote. Ni kweli, wako watakaotusahau. Cheo hubadili watu. Lakini tufikiri. Kiti kile hakikai wazi. Asipokaa mtu aliyewahi kulala na njaa mwisho wa mwezi, atakaa mwingine. Mkubwa anayejua Kifungu cha 41 kwa sababu aliwahi kusimama upande wa mshtakiwa hafanani na yule aliyekisoma kwa ajili ya mtihani. Tena si kila anayevuka ataondoka. Chama chenyewe kinahitaji watu wenye elimu hiyo. Waajiri huja mezani na wanasheria na mahesabu yaliyochapwa vizuri, nasi huja na haki yetu na sauti kubwa. Haki ni kitu kizuri, lakini yafaa iandamane na hesabu.

Basi tudai nini? Nataja mambo manne.

La kwanza, mkataba wa pamoja ujao uwe na kifungu cha masomo: mwanachama aliyetumika miaka kumi apewe ruhusa ya siku za masomo na mitihani bila kukatwa mshahara.

La pili, fedha. Waajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kuwa ushuru wa mafunzo, nao huweza kudai marudisho NITA kwa mafunzo yaliyokubaliwa. Kwa wafanyakazi 100 hizo ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Wawakilishi wetu waulize kila mahali: fedha hizo zimemsomesha nani? Ikiwa ni wakubwa tu waliokwenda semina hotelini, tujue.

La tatu, chama kupitia COTU kiongee na KNQA, IHRM na vyuo vikuu ili upimaji wa ujuzi wa kazi ufike hadi mlango wa digrii ya pili, na cheti cha chuo kimoja kikubalike katika vyuo vingine. Daraja linaloishia katikati ya mto halina maana.

La nne, katika kamati ya kupima awemo mtu wa chama. Anayekijua kikao cha nidhamu pande zote mbili hawezi kudanganywa kwa maneno matupu.

Na kila mmoja wetu ana kazi ya kufanya hata kabla ya hayo. Wewe uliye katika ofisi, na wewe mwakilishi uliyekaa katika vikao vingi, anza leo kuweka kumbukumbu. Andika mwaka ulioanza, kazi ulizopewa, vikao ulivyoshiriki. Hifadhi barua zako za kuteuliwa na vyeti vya kozi fupi. Siri za watu usizitoe nje, lakini kazi yako mwenyewe iandike. Siku ya kupimwa ikifika, anayesema nimefanya kazi miaka ishirini bila kuwa na kitu mkononi atakuwa sawa na aliyekaa bure.

Nashauri jambo hili liwekwe katika ajenda ya mkutano wa tawi, na katibu aandike majina ya wanachama wenye diploma na miaka ya kazi, tujue ni wangapi. Mwajiri akituuliza wako wapi watu hao mnaowasemea, tusikune kichwa. Tumweke orodha mezani.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tuko tayari kuinama, kusoma usiku na kufanya mitihani. Tusichokubali ni kuambiwa kwamba miaka yetu ya kazi si kitu.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, Iguhu